Matumbawe ya Uzi

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani. Msemaji ni mwalimu mstaafu wa hisabati, aliyesoma hapa kidato cha kwanza hadi cha nne.)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu, ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kuwa wazee tumekalia viti vyenu vyote:

Katibu wa chama chetu aliponipigia simu, aliniomba nizungumze juu ya maendeleo ya somo la hisabati. Nilikubali, na hesabu zitakuwamo, msiwe na wasiwasi. Lakini kwanza naomba ruhusa yenu nitoe kitu kilichomo ndani ya mfuko huu. (Kicheko.)

Najua mnachokicheka. Mnaona mzee mzima, mwenye wajukuu, ameshika kitambaa cha kufuma. Na ni kweli, hiki nimekifuma mwenyewe kwa sindano ya kroshia, uzi wa sufu, rangi ya machungwa. Ukikitazama kwa mbali utadhani ni kitambaa cha kochi kilichoharibika, kimejikunja kingo zote kama jani la saladi. Sasa nakipitisha, kila mmoja akishike. Wakati kinazunguka, mimi nitawarudisha nyuma kidogo, mwaka 1976.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha pili. Naona humu ndani nyuso tano au sita za wakati ule, na wao watanisahihisha nikipotoka. Mabweni yalikuwa yamechakaa, palikuwa na sherehe inakuja, na rangi ya dukani ama haikupatikana, ama ilipatikana na fedha hazikuwapo. Siku hizo elimu ya kujitegemea haikuwa maneno ya kuandika ubaoni. Tulilima muhogo, tulifuga kuku, tulifyatua matofali. Basi tukaambiwa kwamba chokaa ya kupaka tutaichoma wenyewe.

Ninyi vijana huenda hamjui chokaa ya pwani ilikuwa ikitoka wapi. Ilitoka baharini. Tulingoja bamvua, maji yalipokupwa sana, tukaenda na mitumbwi miwili ya kuazima mpaka kwenye mwamba ule mnaouona mawimbi yakivunjikia. Tulikuwa na mitaimbo na nyundo. Kwa mara ya kwanza maishani nikaona matumbawe kwa karibu, na jambo la kusikitisha ni kwamba niliyaona siku ileile niliyokwenda kuyavunja. Yalikuwapo ya zambarau, ya kijani, ya rangi ya tangawizi. Mengine yalikuwa na matawi kama pembe za paa, mengine mapana kama sinia, mengine yamefinyangwa mviringo kama tumbo la mtungi. Tuliyapiga yote. Vikaragosi vya kaa vilikimbia huku na huku. Harufu yake, baada ya saa moja juani ndani ya mtumbwi, ilikuwa ya kitu kinachokufa, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Palikuwa na moja la mviringo, limenifika kiunoni. Tulilisukuma watu watatu kwa mitaimbo mpaka likang'oka na kubingirika. Wakati tunalipasua, akapita mvuvi mmoja wa makamo na ngalawa yake, amepakia madema. Hakutukemea. Alishusha tanga, akatutazama kitambo, akasema, "Wanangu, sasa mimi dema langu nikalitege wapi? Bwenini kwenu?" Tulicheka sana. Usiku ule bwenini tuliigiza sauti yake, na nakiri kwamba mwigaji hodari nilikuwa mimi.

Fundi wa chokaa alitoka kijiji cha jirani. Alitufundisha kupanga magogo ya mikoko na minazi kwa mduara, tabaka juu ya tabaka, na kuacha shimo la moto katikati, kisha matumbawe yaliyovunjwa ukubwa wa ngumi yakamwagwa juu kama kichuguu. Moto uliwaka usiku kucha na siku ya pili yake. Wanafunzi wa kemia wataniambia kilichotokea: jiwe lilitoa hewa ya ukaa, likabaki jepesi na jeupe, ukilimwagia maji linachemka lenyewe na kufumuka unga. Tukapaka mabweni, tukapaka nyumba za walimu, tukapaka bwalo hili. Jana jioni nilikwenda nyuma ya mlango wa jikoni, nikakwangua rangi kwa sarafu. Chini ya rangi ya bluu kuna rangi ya maziwa, chini ya rangi ya maziwa ipo chokaa yetu bado.

Sisemi haya ili kumlaumu mtu. Pwani yote ilichoma chokaa hivyo, na kwa karne nyingi. Mihrabu na miimo ya milango katika Kilwa ya kale ilichongwa kwa matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado laini. Lakini wale wa kale walichagua jiwe, wakalichonga, na kazi yao ipo mpaka leo, watu wanatoka mbali kuitazama. Sisi tulilivunja tumbawe lenye umri wa babu zetu ili sherehe ya siku moja ipendeze.

Nasema umri wa babu zetu, na hapa ndipo mwalimu wa hisabati anapoanza kazi. Tumbawe la mviringo la aina ile hukua kama sentimita moja hivi kwa mwaka. Lililonifika kiunoni lilikuwa na sentimita 80, kwa makadirio ya mvulana. Basi lilianza kuota karibu na mwaka 1896. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, lilikuwa na kimo cha upana wa kiganja changu. Lilipita Wajerumani, likapita Waingereza, likaona uhuru, na sisi tukalimaliza kabla ya chakula cha mchana. Hesabu hiyo sikuipiga mwaka 1976. Niliipiga miaka mingi baadaye, na aliyenilazimisha kuipiga ni sindano ya kroshia.

Ilikuwa hivi. Nilifundisha hisabati miaka 34. Kila mwaka nilipofika kwenye mistari sambamba nilisema kama nilivyofundishwa: ukiwa na mstari na nukta iliyo nje yake, katika nukta hiyo unapita mstari mmoja tu usiokutana na ule wa kwanza kamwe. Kila mwaka alikuwapo mwanafunzi mmoja aliyeuliza kwa nini mmoja tu. Nami nilimjibu kama walimu wanavyojibu wasipojua, yaani kwa ukali. Siku moja, baada ya kumkalisha chini kijana wa namna hiyo, niliona haya nikaenda kusoma. Nikakuta kwamba swali lake liliwasumbua watu tangu zama za Euklide, na kwamba katika karne ya 19 Lobachevsky wa Urusi, aliyechapisha mwaka 1829, na Bolyai wa Hungaria, aliyechapisha mwaka 1832, walionyesha kwamba ipo jometri nyingine kamili ambamo katika nukta ile hupita mistari mingi isiyohesabika, na hakuna hata mmoja unaokutana na ule wa kwanza. Huitwa jometri ya hiperboli. Tatizo ni kwamba kwa muda mrefu watu waliiandika tu, wasiweze kuishika mkononi. Baadaye mwanahisabati William Thurston alibuni modeli za karatasi, lakini karatasi huchanika.

Mwaka 1997 mwanamke mmoja, Daina Taimina, mwanahisabati aliyetoka Latvia akawa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alichoka na karatasi zinazochanika akachukua uzi na sindano. Kufuma alijua tangu utotoni. Alifanya jambo jepesi sana: katika kila mstari, baada ya idadi fulani ya vitanzi, akaongeza kimoja. Basi. Kitambaa kikaanza kujikunja chenyewe, kwa kuwa ukingo unarefuka kuliko nafasi iliyopo. Juu yake alishona mistari kwa uzi wa rangi nyingine, na ile mistari mingi isiyokutana ikaonekana kwa macho.

Nani sasa anacho kile cha machungwa? Ahsante. Kikunje utafute mstari wa kwanza, pale katikati. Una vitanzi 20. Nimeongeza kimoja kwa kila viwili, maana yake kila mstari ni mmoja na nusu ya ule uliotangulia. Vijana, pigeni hesabu: 20, 30, 45, 67, 100... Mstari wa kumi baada ya ule wa kwanza una vitanzi zaidi ya 1,100. Mimi hufuma kama vitanzi 15 kwa dakika nikiwa sijakosea, kwa hiyo mstari ule mmoja wa mwisho ulinila saa moja na robo. Mke wangu, aliyenifundisha kushika sindano, alipita akaniuliza kama nimestaafu au nimefungwa.

Nilipomaliza nikakiweka mezani, nikakitazama, nikakitambua. Nilikuwa nimekiona hapo kabla. Nilikiona mwaka 1976, kiko hai, na nilikuwa nimeshika mtaimbo.

Matumbawe mengi, na kelp za bahari ya baridi, na konokono fulani wasio na gamba, wana umbo hilohilo. Sababu yake si urembo. Kiumbe asiyetembea, anayengoja mwanga na chakula kimfikie, anahitaji ngozi pana katika nafasi finyu, na kujikunja namna ile kunampa. Viumbe hawa wamekuwa wakifanya jometri ambayo mimi niliwakalia watu kimya darasani nisiwaambie kwamba ipo.

Nilidhani nimegundua jambo. Lakini walikuwa wamekwisha kunitangulia. Wapo ndugu wawili mapacha, Margaret na Christine Wertheim, wazaliwa wa Queensland huko Australia, ambako baharini kwake kuna Great Barrier Reef, mfumo wa matumbawe mkubwa kuliko yote duniani. Wao wanaishi Los Angeles. Mwaka 2005, wakihuzunishwa na habari za matumbawe ya kwao kupauka, walianza kufuma mwamba wa matumbawe sebuleni mwao kwa njia ile ya Taimina. Wakawaalika watu wengine. Kwanza walikuja wachache, baadaye maelfu, wengi wao wanawake, katika miji mingi ya dunia, kila mji ukifuma mwamba wake. Kazi hizo zimewekwa katika majumba ya sanaa ya Chicago, London na Venice. Huko Baden-Baden, Ujerumani, mwaka 2022, watu kama 4,000 walileta vipande kama 40,000. Siwezi kuwaeleza ukubwa wake, mimi nimeona picha tu.

Mambo mawili katika kazi yao yalinigusa. Kwanza, hawakutaka watu wafuate kanuni kama askari. Mtu akikosea hesabu, akaongeza vitanzi hapa akasahau pale, linatokea umbo jipya, nalo linapokewa kama aina mpya ya kiumbe. Mimi niliyesahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu miaka 34 nilihitaji muda kulizoea hilo. Pili, majina ya waliofuma huandikwa. Hata aliyeleta kipande kimoja. Sisi huku tuna tabia ya kuandika jina la aliyezindua na kuwasahau waliojenga.

Sasa nasikia minong'ono upande wa kulia, na nadhani najua inasema nini. Inasema: mwalimu, je, sufu inaokoa tumbawe hata moja?

Haiokoi. Nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo. Tumbawe ni mnyama mdogo, na ndani ya mwili wake anaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, unaompa sehemu kubwa ya chakula na ya rangi zake. Maji yakizidi joto lake la kawaida kwa nyuzi moja hivi, yakakaa hivyo majuma kadhaa, mwani ule hutolewa na tumbawe linabaki jeupe. Mwaka 1998 joto la namna hiyo lilipita katika Bahari ya Hindi, na matumbawe mengi ya pwani yetu, Kenya na Tanzania, yalipauka na kufa. Lilirudi mwaka 2016. Mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza upaukaji wa dunia nzima, wa nne katika kumbukumbu. Hakuna kitambaa kinachopoza bahari. Tena baruti ikilipuliwa juu ya mwamba, haiulizi kama shule ya jirani inajua kufuma.

Kinachosaidia ni mambo mengine, nayo yapo. Ipo sheria ya mwaka 1994 ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu, na mwaka uliofuata Mafia ikawa hifadhi ya bahari ya kwanza ya nchi hii. Upo mwamba wa Chumbe, karibu na Unguja, uliotengwa mwaka 1994 usivuliwe. Zipo kamati za wavuvi vijijini zinazokesha. Nawaheshimu watu hao kuliko mfumaji yeyote, na nikiwa na shilingi moja ya kutoa, nitaitoa kwao.

Basi kwa nini nimeleta mfuko huu? Kwa sababu mwaka 1976 hakuna sheria ambayo ingenizuia mimi na wenzangu wawili kulibingirisha jiwe lile. Tulikuwa watoto wazuri. Tulipata alama nzuri. Hatukujua tu kwamba kile ni kitu kilichotengenezwa, na kwamba kutengenezwa kwake kumechukua muda. Mtu hajui muda wa kitu mpaka mikono yake imechoka kwa ajili yake.

Minong'ono ya kushoto ni tofauti. Ile inasema hii ni kazi ya wanawake. Haya, na tuhesabu. Nyavu za pwani hii zilifumwa na nani? Wanaume, kwa sindano ya mti, vibarazani, na kila tundu linapimwa kwa kidole. Madema yalisukwa na nani? Kofia za viua, zile ambazo baadhi yenu mmezivaa sasa hivi hapa mbele yangu, wanaume wangapi wamezitoboa na kuzishona? Naam, mikeka ya ukili na kamba za usumba tumewaachia mama zetu, pamoja na kazi ya kufukia makumbi topeni na kuyatwanga. Lakini kusema kwamba mkono wa mwanamume wa pwani haujui uzi ni kuwasahau baba zetu. Tena vitambaa vya kochi mnavyovicheka, nani hapa hakulelewa kati yake? Mama yangu alikuwa navyo vyeupe kwenye viti vinne, redio na mtungi wa maji. Redio ilikuwa imevaa vizuri kuliko mimi.

Niwaeleze sasa tulichofanya, mimi na hawa vijana wa kidato cha tatu. Mkuu wa Shule alinipa Jumamosi mchana tangu mwezi wa pili. Siku ya kwanza walikuja wanane, na wawili kati yao walidhani ni mazoezi ya mtihani. (Kicheko.) Sasa wako 31. Uzi hatununui. Tunanunua sweta za mitumba zilizochoka, tunazifumua, tunazifua, tunakunja mabonge. Wamejifunza kitu kinachoitwa mfuatano wa kijometri bila mimi kukitaja, na nilipokitaja ubaoni mwezi wa nne hawakustuka. Kijana mmoja, simtaji, alifanya kipande kimoja kwa majuma matatu, akakisahau juani uani, mbuzi akala nusu. Alilia. Kijana wa kidato cha tatu, ana ndevu, analilia sufu. Nilimwambia akae nami, nikamsimulia habari za lile jiwe la mviringo. Ndiye mtu wa kwanza kumsimulia.

Tulipokaribia kumaliza palitokea ubishi, na ningependa mwusikie. Tuliafikiana kwamba sehemu ya mwamba wetu iwe nyeupe, kuonyesha kifo. Mmoja wao, ambaye baba yake ni mvuvi, akakataa. Alisema, "Mwalimu, lililokufa haliwi jeupe. Nyeupe ni siku chache tu. Likifa huota mwani, linakuwa kama zulia chafu, la kijani na kahawia. Mimi nimeliona." Wenzake wakamzomea, kwani kwenye picha zote za vitabuni kifo ni cheupe. Nikasoma tena usiku ule, nikakuta mtoto yuko sahihi na mimi nimekosea. Tumbawe lililopauka bado liko hai. Lina njaa, lakini joto likishuka mapema linaweza kupata mwani wake tena na kupona. Weupe ule ni muda wa kungoja, nao ni mfupi. Baada ya hapo ndipo linaota uchafu ule anaousema.

Kwa hiyo tulibadilisha. Kwenye mwamba wetu, uliofunikwa pale ukutani kwa shuka la bweni, mtaona eneo la rangi, eneo jeupe, halafu eneo la tatu la kijani kibaya na kahawia ambalo hakuna mtu aliyetaka kulifuma. Waligawana kwa kura. Sufu ya kijani kile, kama mtaitambua, ni ya sweta zetu za shule. Chini yake yameandikwa majina yote 31, na la mke wangu, na la mpishi aliyetukinga dhidi ya mbuzi.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nafika kwenye jambo ambalo huenda halitakupendeza. Baada ya chakula tutapiga kura juu ya mchango wetu wa mwaka huu. Pendekezo la kamati ni kupaka bwalo hili rangi mpya na kuweka jiwe la marumaru lenye jina la chama chetu. Mimi ni mwanachama, nimelipa ada, na naomba kuleta pendekezo lingine. Rangi ipakwe, sawa. Lakini ukuta ule wa mashariki, upana wa hatua nne, uachwe. Ukwanguliwe mpaka kwenye chokaa yetu ya mwaka 1976, na mwamba wa hawa vijana utundikwe mbele yake, na chini yake iandikwe chokaa ile ilitoka wapi na nani waliivunja. Jina langu liwe la kwanza. Wenzangu watajiandikisha wenyewe wakipenda, sitamtaja mtu.

Na fedha za jiwe la marumaru zikodi mashua. Mara moja kwa mwaka, siku ya bamvua, kila mwanafunzi wa kidato cha pili apelekwe kwenye mwamba ule, na miwani ya kupigia mbizi, bila mtaimbo. Mhasibu ameniambia kwamba bei ya marumaru, pamoja na kuichora, inatosha mashua kwa miaka sita. Hesabu hiyo nimeirudia mara mbili.

Ule mwamba, mtaniuliza, una nini tena cha kuona? Nilikwenda mwezi wa tisa uliopita na nahodha mmoja wa kijijini. Pale tulipopiga, sehemu kubwa ni kifusi, matawi yaliyovunjika yanayobingirika na mawimbi, na juu ya kifusi kinachotembea hakioti kitu. Lakini upande wa nje, penye kina, yapo. Na mahali ambapo nadhani ndipo lilipokuwa lile jiwe, ingawa siwezi kuapa, nimeona dogo la mviringo, limeshika kwenye mwamba imara. Nililipima kwa mkono. Shubiri moja na vidole viwili. Nahodha aliniuliza nahesabu nini chini ya maji.

Wale wa mwaka 1976, tafadhali, msiondoke mara baada ya chakula. Nitakuwa chini ya mwembe ule wa nyuma ya maktaba. Ninazo sindano 20 na mabonge ya uzi wa kila rangi, isipokuwa nyeupe imekwisha. Vijana watawafundisha, wana subira kuliko mimi. Anayejua kushona nyavu atamaliza kipande kabla ya basi la saa kumi na moja. Mpishi ameahidi kumfunga mbuzi.